Katuni Bila Jalada

Swali letu ni la wapenzi wa katuni, nao ni wengi kuliko wanavyohesabiwa. Mtu anayezipenda hadithi za picha kwa dhati, anayetaka kuwa na vitabu vyake mwenyewe nyumbani, aanze na vipi? Wenzetu wa nchi nyingine hulijibu swali hili bila kusita. Watakutajia vitabu kumi, hata ishirini, kila kimoja na jalada lake, jina la mchoraji mgongoni na mwaka wa kuchapishwa ndani. Mpenzi wa katuni za Kiswahili akiulizwa vivyo hivyo, anachotaja ni wahusika: Chakubanga, Juha Kalulu, Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Madenge, Kingo, Kipanya. Majina anayo kichwani, vituko anavikumbuka na anaweza kukusimulia mpaka mbavu zikuume. Mwambie sasa akuonyeshe kitabu. Hana. Ninachotaka kukuthibitishia leo ni kwamba upungufu huu haukuletwa na udhaifu wa wachoraji wetu wala uchache wa wasomaji. Umeletwa na kazi moja ambayo hatukuifanya kwa wakati wake, kazi ya kukusanya, na kazi hiyo bado inawezekana, hata ikianzia Mbeya na Iringa.

Tuwatazame kwanza hao wenzetu, maana wengi hudhani vitabu vyao vilizaliwa vikiwa vitabu. Tintin, yule mwandishi wa habari kijana anayeandamana na mbwa wake mweupe, alianza Januari 1929 katika nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels, nchini Ubelgiji. Ilikuwa karatasi ya gazeti, inasomwa leo, kesho ni takataka. Maus, kazi ambayo Art Spiegelman anasimulia jinsi baba yake alivyonusurika katika kambi za mauaji za Wanazi, Wayahudi wakichorwa kama panya na Wajerumani kama paka, ilianza kutoka mwaka 1980 vipande vipande ndani ya jarida dogo la New York. Ilikusanywa kuwa kitabu mwaka 1986, sehemu ya pili ikafuata mwaka 1991, na mwaka 1992 ikapewa Tuzo maalumu ya Pulitzer. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, ambayo leo haikosekani katika orodha yoyote ya riwaya za picha, ilitoka kwanza katika matoleo 12 membamba kati ya mwaka 1986 na 1987. Wajapani nao wana utaratibu uliokomaa kabisa: hadithi hutoka kila wiki katika majarida manene ya karatasi hafifu ambayo wasomaji huyatupa, na ile iliyopendwa hukusanywa katika vitabu vidogo vya kuweka rafuni. Katika mifano yote hiyo, karatasi ya mwanzo ilikuwa ya kutupwa kama ilivyokuwa ya kwetu. Tofauti ni kwamba kuna mtu aliyeketi, akazipanga kurasa kwa mfuatano wake na kuzitia jalada.

Usidhani jambo hilo ni dogo. Hadithi isiyokusanywa haiwezi kusomwa mara ya pili, na hadithi isiyosomwa mara ya pili haihakikiwi, haifundishwi, wala mchoraji kijana hawezi kuirudia kutazama mwenziwe alivyoigawa fremu au alivyouonyesha usiku kwa wino mweusi peke yake. Kuna ushahidi mwingine unaouma zaidi. Hadithi ya pili ya Tintin, iliyochorwa mwaka 1930 na 1931, inampeleka Kongo, na Waafrika wamechorwa humo kama watu wajinga wenye midomo mikubwa wanaomsujudia kijana wa Kizungu. Hergé, mchoraji wake, alikuwa hajapata kukanyaga Kongo. Kitabu hicho kimeshtakiwa mahakamani, kimekemewa na watu wengi, na bado kinachapishwa na kupatikana hadi leo kwa sababu ni kitabu. Picha aliyotuchora mtu asiyetujua, karibu miaka 100 iliyopita, inanunulika. Picha tulizojichora wenyewe katika miaka ya 1970 na 1980, kwa lugha yetu, zikituonyesha tulivyovaa na tulivyocheka, hazinunuliki. Mtu akisema kukusanya ni anasa, namwomba aupime uzito wa jambo hilo kwanza.

Na tusijidanganye kwamba hatukuwa na cha kukusanya. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa limeshaanza kuchapa hadithi fupi za picha ilipofika miaka ya 1950. Nairobi, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika magazeti ya Taifa kwa miongo kadhaa, mpaka watoto waliojifunza kusoma kwa Juha Kalulu wakawa babu nao wanamsoma bado. Dar es Salaam, Christian Gregory alimleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru, gazeti la chama, miaka ileile nchi ilipokuwa inajifunza maana ya Azimio la Arusha. Halafu likaja wimbi la hadithi za picha za kupigwa kwa kamera, viputo vya maneno vikiwekwa juu ya picha za watu halisi. Lance Spearman, yule mpelelezi wa jarida la African Film mwenye kofia na sigara, alisomwa kote Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960, na Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo, akaona Watanzania wanaweza kuwa na la kwao. Akaanzisha Film Tanzania. Mtunzi wa riwaya ya upelelezi, mwenye jina tayari, akaona hadithi za picha hazimshushii hadhi. Kwangu hilo linasema mengi juu ya heshima ambayo sanaa hii iliwahi kuwa nayo.

Lakini kilele ni Sani. Jarida hili lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na miongoni mwa wachoraji waliolipa uhai ni Philip Ndunguru, kijana aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado katika miaka yake ya ishirini. Fikiria wakati wenyewe. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin, fedha za kigeni hazipo, sukari na sabuni ni vya foleni, na mwaka 1983 serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Katika hali hiyo linatoka jarida la wino mweusi na herufi za mkono, lina tapeli mwenye sura mbili, lina mtoto mtundu asiyeogopa mzazi wala mwalimu, lina lofa anayetembea kana kwamba mji ni wake. Mwandishi wa riwaya anaweza kuandika kwamba mtu aliingia baa akaketi, akaendelea na kisa chake. Mchoraji hana nafasi hiyo. Lazima aamue viti vya baa vikoje, meza ina chupa gani, huyo mtu amevaa suruali ya upana gani na viatu vyake vina kisigino cha urefu gani, mhudumu amesuka nywele za mtindo upi, na ukutani kumetundikwa nini. Kila fremu ni hati ya maisha ya mitaani ambayo hakuna ofisi ya serikali iliyoiandika. Mwanahistoria anayetaka kujua mtu wa kawaida aliionaje miaka ile ya dhiki, mbali na hotuba na ripoti, angepata hazina humo. Baada ya Sani yakaja mengine, Bongo, Tabasamu na Kingo la James Gayo, na Watanzania wakawa na majarida ya katuni ambayo nchi nyingi jirani hazikuwa nayo.

Majarida hayo yalifika huku kwetu Nyanda za Juu. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam hupita Iringa na kuendelea Mbeya hadi Tunduma, na reli ya TAZARA nayo hupita Makambako na Mbeya kuelekea Zambia. Magazeti na majarida yalisafiri kwa njia hizo pamoja na abiria. Nakala moja haikusomwa na mtu mmoja. Ilipita bweni zima, ikapita kinyozi, ikapita kijiwe, na mwisho wake, kama ulivyo mwisho wa magazeti yote sokoni, ikachanwa vipande vya kufungia maandazi na karanga. Silaumu hata kidogo. Karatasi ilikuwa adimu na muuza maandazi ana haki ya kuishi. Nasema tu kwamba hakukuwa na nakala nyingine iliyokuwa imewekwa kando kwa makusudi kabla ya ile ya kijiweni kuchanwa.

Tazama yaliyowapata majirani. Kinshasa, katika miaka ya 1990, mchoraji Papa Mfumu'eto alikuwa akichapa vijarida vya katuni kwa Kilingala na kuviuza mitaani, hadithi za wachawi, za chatu wanaokula watu, za watawala wasioshiba. Leo anayetaka kuisoma kumbukumbu ya kazi zake kwa utulivu huipata katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Nawashukuru waliozihifadhi, kwa sababu wasingekuwapo wao huenda zingepotea. Lakini kijana wa Kinshasa anayetaka kuwa mchoraji hana nauli ya kwenda Florida kumtazama mchoraji wa mtaa wake. Tukiendelea hivi, ndiko Sani na Chakubanga watakakoishia nao, na mwanafunzi wa Mbeya atahitaji viza ili acheke kichekesho cha Kiswahili.

Sasa, kwa kuwa niliuliza vitabu gani mtu awe navyo, sitakwepa kujibu. Cha kwanza ni Abunuwasi cha Gado, kilichotolewa mwaka 1996 na Sasa Sema, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mahsusi kuchapa hadithi za picha na ambayo baadaye iliingia chini ya Longhorn. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na akaanza kuchora katika magazeti ya Tanzania akiwa bado kijana wa shule. Hekaya za Abunuwasi kila Mswahili anazijua, na hapo ndipo ugumu ulipo: unamchoreaje mtu kichekesho ambacho mwisho wake anaujua tayari? Gado alilijibu swali hilo kwa nyuso. Anayedanganywa anaanza kuona mtego kabla hajaukubali, na uso wake unapita hatua zote hizo mbele ya macho yako, jambo ambalo maandishi matupu hulimaliza kwa sentensi moja. Kwa maoni yangu kitabu hiki peke yake kinatosha kuthibitisha kwamba Kiswahili na katuni vinapatana vikipewa karatasi nzuri na jalada. Cha pili ni mkusanyiko wake wa katuni za kisiasa, Democrazy!, wa mwaka 2000. Gado alijiunga na Nation ya Nairobi mwaka 1992, mwaka uleule Kenya ilipofanya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi. Katuni ya kila siku huzeeka upesi, lakini zikipangwa pamoja kwa miaka, utawala wa Rais Moi unageuka hadithi moja ndefu ambayo mchoraji hakujua anaisimulia. Hapo ndipo nguvu ya kukusanya inapoonekana wazi kabisa: kitabu kimezaa maana ambayo haikuwamo katika karatasi yoyote moja.

Cha tatu kinatuhusu sana japo kimeandikwa kwa Kifaransa na kutafsiriwa kwa Kiingereza. Ni Madame Livingstone, cha mwaka 2014, kilichochorwa na Barly Baruti wa Kisangani kwa maandishi ya Christophe Cassiau-Haurie. Kinasimulia Vita vya Kwanza vya Dunia katika Ziwa Tanganyika, pale ofisa wa Kibelgiji anapopelekwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, akiongozwa na Mwafrika avaaye sketi ya Kiskoti ambaye anadai kuwa mtoto wa David Livingstone. Meli yenyewe si ya kubuni. Ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na kwa reli hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua na kuipa jina la Liemba, nayo ikabeba abiria wetu kwa miongo mingi. Baruti ameichora kwa rangi za maji zinazolifanya ziwa lionekane lina unyevu. Vita hivyohivyo vilifika Iringa mwaka 1916, vikawachukua wapagazi kutoka vijiji vya Nyanda za Juu ambao wengi hawakurudi, na mwezi Novemba 1918 vilimalizikia Abercorn, Mbala ya leo, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Mpenzi wa katuni wa Mbeya akikifungua kitabu hiki atayakuta mambo ya babu zake yakisimuliwa na Mkongo kwa lugha ya Wafaransa, na ni haki yake kutaka kuyasoma kwa Kiswahili.

Najua wapo wanaonisikiliza huku wakitikisa kichwa. Wa kwanza ni mzazi au mwalimu anayesema katuni ni mambo ya watoto, na tena humharibia mtoto Kiswahili. Kwa sehemu ya kwanza sina haja ya maneno mengi. Maus imezungumzia mauaji ya halaiki, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuiweka chini akisema ni ya watoto. Sehemu ya pili ina uzito zaidi. Ni kweli wahusika wa Sani hawazungumzi Kiswahili cha mtihani. Wanazungumza Kiswahili cha stendi, na Kiswahili cha stendi cha mwaka 1982 hakikuandikwa kwingine kwa wingi kama huo. Huko Kenya jarida la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, linaandikwa kwa Sheng' waziwazi na limewafikia vijana ambao hawakuwa wakinunua kitabu chochote. Mtoto mwenye hamu ya kugeuza ukurasa atafika kwenye sarufi. Asiye na hamu hiyo hafiki, hata sarufi ikiwa imepigwa chapa ya dhahabu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sitalifunika. Majarida haya yaliwachora wanawake vibaya. Watafiti Jigal Beez na Stefanie Kolbusa waliandika mwaka 2003 juu ya jinsi katuni za Kiswahili zinavyowaonyesha wanaume na wanawake, na picha inayojitokeza haipendezi: mwanamke wa mjini kama mnyonya fedha, makalio yamechorwa makubwa kuliko akili, mwanaume akiwa mjinga lakini mwenye kuhurumiwa. Basi, wapo wanaouliza, kwa nini tuvihifadhi vitu vya aibu? Ninajibu kwamba utafiti huo usingewezekana bila nakala. Anayetaka kuithibitisha dharau hiyo, kuipima ilianza lini, nani aliichora na nani alikataa kuichora, anahitaji kurasa zenyewe mbele yake. Zikipotea, watabaki mashabiki wanaokumbuka kicheko tu, na dharau itasamehewa bila kusomwa. Kitabu cha mkusanyiko kinaweza kuwa na utangulizi unaoyasema haya wazi, pengine ulioandikwa na mwanamke. Kipande cha gazeti kilichofungia karanga hakina utangulizi.

Wa tatu atasema zama za karatasi zimepita, katuni sasa zipo kwenye simu. Zipo, na nyingine ni nzuri sana. Kazi za Masoud Kipanya na Nathan Mpangala huzunguka katika makundi ya WhatsApp kabla hata gazeti halijafika Uyole. Lakini ulizia katuni uliyotumiwa miaka mitatu iliyopita. Simu imeibiwa, au imejaa ikafutwa, au picha imerushwa mara mia mpaka jina la mchoraji limekatwa pembeni. Simu imefanya katuni ienee kwa kasi kuliko wakati wowote na ipotee kwa kasi ileile, kwa hiyo haja ya kukusanya imeongezeka.

Linabaki suala la fedha. Uchapaji ni ghali, karatasi ni ghali, nani atanunua? Hapa Nyanda za Juu swali hili lina ladha chungu, kwa sababu karatasi inatengenezwa mlangoni petu. Misitu ya Sao Hill iko Mufindi, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilijengwa huko, kikaanza kazi katikati ya miaka ya 1980 kwa matumaini makubwa ya taifa, kikaja kufungwa, kikauzwa, na leo kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu ya vifungashio. Tunapanda miti, tunatengeneza karatasi ya mifuko na maboksi, halafu karatasi ya vitabu tunaagiza. Hilo ni suala la sera na halitatatuliwa na mpenzi wa katuni. Lakini gharama ya kukusanya haianzii kiwandani. Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, na vyuo vingine. Kuzunguka vyuo hivyo kuna steshenari ambazo kazi yake ya kila siku ni kuchapa na kubaindi tasnifu za wanafunzi kwa jalada gumu na maandishi ya dhahabu. Fundi anayebaindi tasnifu ya kurasa 120 anaweza kubaindi matoleo kumi ya jarida asubuhi moja. Ushonaji ni uleule.

Na kipo kitabu kimoja ambacho mkoa wa Iringa unaweza kukidai kwa haki kabisa, riwaya ya picha ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyochorwa kwa uzito ambao Spiegelman aliupa msiba wa nyumbani kwake. Sisemi hivyo kwa sababu Mkwawa ni shujaa tu; mashujaa wanachorwa kila siku na wengi huishia kuwa sanamu zenye misuli. Ninasema hivyo kwa sababu habari zake zimetufikia kwa sauti mbili zisizokubaliana. Kuna shajara na ripoti za Wajerumani, na kuna masimulizi ya Wahehe. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kilivamiwa kikitembea mstari mmoja njiani, na Nyundo mwenyewe akauawa. Ripoti zinahesabu bunduki na mizinga iliyopotea. Masimulizi yanahesabu majina. Katuni ina uwezo ambao kitabu cha historia hakina: inaweza kuweka fremu mbili bega kwa bega, moja kwa mkono wa ofisa aandikaye kwa taa, nyingine kwa kinywa cha bibi asimuliaye, na isimlazimishe msomaji kuchagua kabla hajaziona zote. Fikiria sasa kuanguka kwa ngome ya Kalenga Oktoba 1894, mbele ya majeshi ambamo alikuwamo Tom von Prince, Bwana Sakarani, na miaka karibu minne ya kusakwa porini mpaka Julai 19, 1898, Mkwawa alipojipiga risasi ili asikamatwe.

Halafu hadithi haikomi hapo, na hii ndiyo sehemu ambayo mchoraji hodari angeililia. Kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe ndani ya miezi sita. Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Gavana Edward Twining akaenda Bremen mwaka 1953, akakuta katika jumba la makumbusho mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka huku kwetu. Namna ya kulitambua moja ikawa ni kupima: upana wa fuvu kwa urefu wake, ukalinganishwa na vipimo vya ndugu zake Mkwawa walio hai. Juni 19, 1954, fuvu lililochaguliwa likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu, na hadi leo wapo wanaohoji kama ndilo lenyewe. Tafakari ukurasa mmoja tu wa tukio hilo: rafu baada ya rafu za mafuvu yenye namba, mkono wenye kipimo cha chuma, na yale 83 ambayo hakuna mkataba uliowahi kuyataja. Nani walikuwa hao? Mwandishi wa maandishi hulipita jambo hilo kwa nusu sentensi, kama nilivyotaka kulipita mimi hivi sasa. Mchoraji itambidi ayachore yote 84.

Kabla ya kitabu kama hicho, yapo ya kufanywa na kila anayenisikiliza. Mwenye matoleo ya zamani ya Sani, Bongo au Kingo, yawe matatu tu, ayapange kwa tarehe, ayape jalada, na ndani ya jalada aandike yalitoka wapi na yanakosekana matoleo gani. Maktaba za mkoa za Mbeya na Iringa, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ziyaombe hadharani na kuyapokea bila kuona haya, zikishirikiana na vyuo ili yapigwe picha kurasa zote. Wahadhiri wa Kiswahili na wa sanaa wawape wanafunzi kazi ya kuandika orodha ya wahusika na wachoraji, toleo kwa toleo, maana bila orodha hiyo hakuna mchapishaji atakayejua anachapa nini.

Na kabla ya kuchapa, watafutwe wenye haki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kwa hiyo alichotunga Philip Ndunguru kinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2036. Wengine huliona hilo kama kizuizi na kukata tamaa. Mimi naliona kama anwani: wapo watu wa kuwabishia hodi, familia na wabia wa zamani, ambao baadhi yao bado wana michoro ya asili kwenye masanduku, wanaokumbuka toleo lipi lilitangulia lipi, na wanaostahili kulipwa wakingali hai. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ndiyo mahali pa kuanzia kuwauliza, na barua ya kuuliza inaweza kuandikwa wiki hii.